Idhaa za Serikali za Nje: Tuzipe Masafa au Tuzizime?

Tarehe 14 Machi 2025 Rais Donald Trump alisaini amri huko Washington, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika wakaambiwa wakae nyumbani. Idhaa yake ya Kiswahili, iliyokuwa hewani tangu 1962, ikanyamaza. Wakati huo Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari, na Bukavu tangu katikati ya Februari. Watu wa Kivu waliozoea kuisikiliza walibaki wakizungusha kitufe.

Tangu hapo swali la zamani limerudi mezani. Redio na televisheni zinazolipwa na serikali za nje, tuziruhusu zitangaze kwetu, hali tunajua kwamba baadhi zinatoka nchi ambako mwandishi akiandika anachokiona analala ndani?

Hoja zilizomo humu si zangu peke yangu. Nimezisikia kwenye semina za wahariri, kwenye baraza za kahawa, na ndani ya daladala redio ikiwa wazi. Nimezigawia sauti tatu za kubuni ili zibishane zenyewe: Mzee, fundi mitambo mstaafu wa Redio Tanzania Dar es Salaam; Wakili, binti wa Mombasa anayesimamia kesi za vyombo vya habari Nairobi; na Meneja, anayeendesha redio ndogo ya FM mkoani Kigoma. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kuvumilia.

MENEJA: Shikamoo Mzee. Naomba nianze mimi, maana nyie wawili mkishika kipaza sauti hamkiachii. Mnazungumza kana kwamba hizi idhaa zinabisha hodi. Kwangu zimeshaingia siku nyingi. Juu ya bati kuna dishi, ndani kuna dekoda, na kwenye mikisa kuna chaneli moja imebandikwa plasta nyeupe, imeandikwa kwa kalamu ya wino: NJE. Jioni saa ikikaribia, kijana wa zamu anapiga kionjo chetu, anashusha muziki, anapandisha ile chaneli, London au Bonn wanaingia. Mvua ikiwa kubwa mawimbi yanakatika, basi anaweka taarabu mpaka mawingu yapite. Hiyo nusu saa siilipii hata senti. Nikimtuma mwandishi wangu mmoja Uvira, nauli, malazi na bando, mshahara wa mtangazaji mwezi huo umeshaliwa. Sasa nikizima NJE, msikilizaji mwenye ndugu ng'ambo ya ziwa nimpe nini?

MZEE: Marahaba, mwanangu. Mpe ukweli kwamba huna. Cha bure kina mwenyewe. Nimeishi na mitambo tangu ujana, sijaona serikali inayowasha mtambo wa masafa mafupi usiku kucha, na umeme wote ule, kwa mapenzi tu. Cairo walianza kututangazia Kiswahili 1954, kwa sababu Nasser alitaka Mwingereza aondoke. Juni 1957 BBC nao wakakumbuka kwamba huku tuna lugha yetu. Peking 1961. Washington 1962. Wajerumani 1963. Itazame hiyo miaka vizuri, halafu uniambie walikipenda Kiswahili.

WAKILI: Shikamoo, Mzee wangu. Katika orodha yako kuna jina umeliruka.

MZEE: Lipi?

WAKILI: Dar es Salaam. Redio ya serikali ya Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Nje. Kwenye studio zake wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO walipewa muda wazungumze na watu wao walioko nyumbani. Makaburu waliuona huo ni uchochezi wa dola ya kigeni, na mtu wa Soweto akikutwa anasikiliza Radio Freedom ya ANC, sheria ilimpeleka jela. Kwa hoja yako, Makaburu walikuwa na haki.

MZEE: (anacheka) Binti, umenishika pabaya. Hao vijana wa ANC mimi nimewasogezea kipaza sauti kwa mkono wangu. Lakini ile ilikuwa vita ya ukombozi.

WAKILI: Nani aliyewahi kuanzisha idhaa ya nje akasema si ya ukombozi?

Hapa nasimama na Wakili. Anayepinga idhaa za nje kwa sababu tu ni za serikali na zinavuka mpaka, na afute kwanza ukurasa mmoja wa historia ya Tanzania ambao wengi wetu tunajivunia. Sauti ya dola ikivuka mpaka haijawa kosa. Inabidi tuulize inasema nini, kwa jina la nani, na nani anaweza kuijibu.

MENEJA: Na tusiziweke zote kapu moja. Kuna zinazolipwa na serikali na kuna zinazohaririwa na serikali.

MZEE: Tofauti iko wapi? Mlipaji ndiye mchaguzi.

WAKILI: Tofauti ipo, ingawa si kubwa kama wenyewe wanavyojisifu. DW inaishi kwa bajeti ya serikali kuu ya Ujerumani, lakini sheria yake inampa mhariri uhuru wake. BBC inaendeshwa kwa hati ya kifalme, pesa yake nyingi inatoka kwenye ada ya televisheni ya Waingereza wenyewe, ila Idhaa ya Dunia inapata pia ruzuku ya wizara yao ya mambo ya nje. Nenda Beijing sasa. Televisheni yao ya kimataifa, CGTN, iko chini ya shirika ambalo tangu 2018 linasimamiwa na idara ya uenezi ya Chama cha Kikomunisti. Na Februari 2016 Rais Xi Jinping alipotembelea vyombo hivyo aliwaambia waziwazi kwamba vyombo vya chama vibebe jina la ukoo la chama. Hakuna aliyefichwa kitu.

MZEE: Na BBC hawakuwahi kubanwa?

WAKILI: Wamebanwa. Januari 2004, baada ya ripoti ya Jaji Hutton kuhusu habari za vita vya Iraq, mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wa BBC walijiuzulu kwa kuigusa serikali ya Tony Blair. Mtu anaweza kuitumia hadithi hiyo kuonyesha kwamba serikali ina mkono mrefu. Mimi naitumia kuonyesha kwamba waligombana na serikali yao hadharani, mpaka vichwa vikaanguka. Nitajie siku CGTN ilipogombana na Beijing.

MZEE: Sina ya kukutajia. Lakini nina Rwanda. Kila mkiniambia habari ya uhuru wa mawimbi, mimi masikio yangu yanarudi 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari redio ya RTLM ilitaja watu kwa majina, ikataja na walikojificha. Marekani ilipoombwa iizime kwa ndege, ikasema gharama ni kubwa na sheria za kimataifa haziruhusu. Redio inaua, mwanangu. Usiifanyie mzaha.

WAKILI: Siifanyii mzaha, Mzee. Lakini RTLM haikutoka nje. Ilianza Julai 1993 Kigali kwenyewe, kwa leseni halali, wenyewe wakiwa watu wa karibu na Rais Habyarimana. Ilijaa muziki mzuri na vichekesho, vijana waliipenda. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilipowatia hatiani waanzilishi wake 2003, hapakuwa na mgeni kizimbani. Sumu kubwa kuliko zote iliyowahi kupita hewani katika ukanda huu ilichanganywa nyumbani.

MENEJA: Na jina hilo la RTLM sasa limekuwa fimbo ya kila mtawala. Machi 2010 Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, alikiri kwamba wanayavuruga matangazo ya Kiamhari ya Sauti ya Amerika. Alipoulizwa sababu, akayafananisha na ile redio ya Kigali.

MZEE: Kuvuruga ni kazi ya fundi. Unarusha kelele kwenye masafa yaleyale, msikilizaji anapata mvumo tu. Ukiisikia unaitambua. Fundi anayeifanya anajua anachokifanya.

Alinyamaza kidogo hapo. Wakili ndiye aliyeendelea, na ndipo mjadala ulipofika mahali nilipokuwa naungoja ufike.

WAKILI: Hebu tuhesabu waliofungiwa kwetu. Julai 2009 Kongo ilikata mawimbi ya RFI, redio ya Ufaransa, nchi nzima, kosa lao ni habari za jeshi. Wakarudi Oktoba 2010. Novemba 2016 ikakatwa tena Kinshasa, siku wapinzani walipopanga mkutano wa kupinga Rais Kabila kung'ang'ania madarakani, ikakaa kimya mpaka Agosti 2017. Rwanda, Oktoba 2014, ikaifungia idhaa ya Kinyarwanda ya BBC kwa sababu ya filamu iliyoonyeshwa Uingereza, kwa Kiingereza, ambayo idhaa hiyo hata haikuirusha. Burundi, Mei 2018, siku chache kabla ya kura ya maoni ya katiba, ikazisimamisha BBC na Sauti ya Amerika. Machi 2019 BBC ikanyang'anywa leseni kabisa, baada ya filamu kuhusu nyumba za siri zilizodaiwa kutumika kutesea watu Bujumbura. Ruhusa ilirudi 2022.

MENEJA: Na kwetu, 2020, kabla ya uchaguzi wa Oktoba, kanuni za maudhui zilirekebishwa. Redio ya ndani isirushe matangazo ya kituo cha nje mpaka ipate kibali cha mdhibiti wa mawasiliano, TCRA.

WAKILI: Sasa Mzee, katika hao wote, yuko wapi Mchina? Yuko wapi Muirani? Redio China Kimataifa ilipata masafa ya FM Nairobi 2006. Televisheni ya China, CCTV, ilifungua kituo chake cha Afrika hapo Januari 2012. TRT ya Uturuki ilianza Kiswahili Machi 2023. Hizo ndizo zinazotoka nchi ambako waandishi wanafungwa. Mimi sijasikia serikali yoyote ya Afrika Mashariki iliyoifungia hata moja kwa kuisifu serikali yake kupita kiasi.

MZEE: Hawajatukosea.

WAKILI: Ndiyo hoja yangu. Hawajatukosea kwa sababu hawatusemi.

Naomba niingilie. Orodha hiyo ndiyo iliyonibadilishia macho yangu katika jambo hili. Tunaambiwa idhaa za nje zinadhibitiwa kulinda wananchi dhidi ya propaganda, lakini ukizitazama zilizozimwa, ni zile zilizomhoji mtu ambaye redio ya ndani haikuthubutu kumwita studio. Propaganda yenyewe, ile ya kumsifu bwana wake asubuhi na jioni, inapita bila kuulizwa pasipoti. Mtawala wa Bujumbura au Kinshasa hasumbuliwi na mtu wa mbali anayeisifu serikali yake. Anasumbuliwa na anayeuliza habari za nyumba ya siri mtaa wa pili.

Lakini Mzee hakukubali kushindwa kirahisi, na alichosema baadaye nadhani ndicho kizito kuliko vyote vilivyosemwa.

MZEE: Nyie mnaongea habari za sauti. Mimi ni fundi, naongea habari za waya. Sauti unaweza kuibishia, ukazima, ukahamia kwingine. Mwenye mnara utamfanya nini? Zamani mtambo ulikuwa wetu, maneno wakileta wao. Leo maneno yetu, mtambo wao. Dijitali ilipoingia, shirika letu la utangazaji, TBC, likashirikiana na StarTimes ya China kusambaza mawimbi. Kenya mkafanya nini?

WAKILI: Kenya leseni ya pili ya kusambaza mawimbi ya dijitali ilikwenda 2011 kwa kampuni ya Kichina. Vyombo vikubwa vya nyumbani vikakosa, vikaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu 2014. Februari 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, na Citizen, NTV na KTN vikawa gizani karibu wiki tatu. Watu walitazama nini wiki hizo? Walichopewa na wenye visimbuzi.

MZEE: Basi. Hakuna mtangazaji wa Beijing aliyesema uongo siku hizo. Hakuhitaji kusema kitu.

MENEJA: Na wanajua kuingia taratibu, Mzee. Mke wangu hakuwahi kutazama habari za CCTV hata siku moja. Lakini ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC, alikuwa haambiliki. Xi Jinping mwenyewe alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Rais wa China kuja kuzungumzia mama mkwe! Nilicheka, halafu nikasema, hawa wanajua kazi.

WAKILI: Sina ugomvi na Doudou. Kama Wamarekani walituletea sinema zao miaka yote hiyo, Mchina naye alete. Ninachokataa ni serikali yoyote ya nje, rafiki au adui, kumiliki njia ambayo redio na televisheni zetu zinapitia. Na si Wachina peke yao. Machi 2022 Umoja wa Ulaya ulipoifungia RT ya Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, MultiChoice ya Afrika Kusini ikaiondoa kwenye DStv. Nairobi tukaikosa, Dar wakaikosa. Bunge lipi la kwetu liliulizwa? Mimi siipendi RT. Lakini uamuzi wa nini nisitazame ulitolewa Brussels, kwa sababu ya waya.

MENEJA: Basi hao wa Ulaya nao wanafungia. Mbona tunawasema wa Burundi peke yao?

WAKILI: Tuwaseme wote, ila tutazame walivyofanya. Februari 2021 mdhibiti wa Uingereza, Ofcom, aliifutia CGTN leseni. Alitoa sababu kwa maandishi: aliyepewa leseni siye anayeamua kinachorushwa, anayeamua ni chama cha siasa, na sheria yao hairuhusu leseni ya utangazaji kushikwa na chombo cha siasa. Ukiisoma unaweza kuikubali au kuipinga, lakini imeandikwa. RT nayo ilizimwa Ulaya na wanasiasa, si na mdhibiti, na hilo mimi naliona baya. Lakini RT France walikwenda mahakamani Luxembourg na hukumu ikatoka Julai 2022. Walishindwa. Walisikilizwa. BBC Bujumbura walisikilizwa na nani?

MZEE: Na China walipoona CGTN imefutwa London?

WAKILI: Wiki moja baadaye wakaipiga marufuku BBC World News kwao.

MZEE: Sasa hapo ndipo ninapotaka tukae. Nipe nikupe. Redio yao itangaze Nairobi, yetu itangaze Beijing. Wakikataa, tukatae.

MENEJA: Yetu ipi, Mzee? Tukipewa masafa Beijing kesho, tutawatangazia nini? Mkutano wa mkuu wa mkoa?

Nakiri nilicheka pamoja na Meneja, lakini jibu lake linauma. Nipe nikupe ni kanuni nzuri kwa wenye cha kutoa. Kwetu ingeishia kuwanyima wasikilizaji wa Kigoma na Mwanza ili kuwakomoa maofisa wa mbali ambao hata hawatajua wamekomolewa. Msikilizaji hana kosa katika ugomvi huo.

MZEE: Haya, nimewasikia. Lakini mkumbuke mlivyoanza. Sauti ya Amerika ilizimwa na Wamarekani wenyewe, si na Kabila wa Kongo, si na Nkurunziza wa Burundi. Saini moja, na mtu wa Bukavu hana redio. Mnanilaumu mimi ninayeogopa wageni wakija. Mimi naogopa zaidi siku watakayoondoka tukiwa tumeshasahau kazi.

MENEJA: Hilo siwezi kulipinga. Mara nyingine nikiangalia ratiba yangu, habari za uzito zote ziko kwenye ile chaneli ya NJE. Kilichobaki ni salamu, mpira na matangazo ya waganga.

Mzee alifunga mlango ambao sisi watetezi wa uhuru wa habari tumeuacha wazi muda mrefu. Tumezoea kupigania haki ya London na Bonn kusikika huku, na ni haki. Lakini tumeridhika nayo. Mhariri wa ndani anayeiogopa habari ya ufisadi wa halmashauri yake anangoja idhaa ya nje iitangaze, ndipo naye airushe akijikinga nyuma ya mgongo wa mgeni. Nimewaona wakifanya hivyo, na siwalaumu sana, kwa sababu faini wanalipa wao. Ila hali hiyo imewapa watawala shabaha rahisi. Ukitaka nchi nzima inyamaze, huhitaji kuwafuata waandishi mia moja. Kata mawimbi mawili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba waingie. Mwingereza, Mjerumani, Mchina, Mturuki, Mmarekani akirudi, hata Mrusi. Lakini kila tangazo lao likianza kwenye redio ya nyumbani, msikilizaji aambiwe kwa sentensi moja nani analilipia na nani analihariri, kama anavyoambiwa tangazo la sabuni limelipiwa na nani. Minara na usambazaji wa mawimbi visishikwe na serikali ya nje wala kampuni yake, hata kwa mkopo nafuu. Idhaa ikisema uongo unaodhuru, ipelekwe mbele ya jaji, sababu ziandikwe, nayo ijitetee. Na ada za leseni ambazo redio ndogo zinalipa kila mwaka, sehemu yake irudi kwao kwa ajili ya nauli ya mwandishi, ili Kigoma iweze kwenda Uvira yenyewe.

Ombi langu ni kwa mbunge atakayeletewa kanuni mpya za matangazo ya nje, awe Dodoma, Nairobi au Kinshasa. Kabla hujasoma dibaji yake kuhusu maadili na usalama wa taifa, nenda moja kwa moja kwenye kifungu kinachosema nani ana mamlaka ya kuzima. Ukikuta ni waziri au mkurugenzi peke yake, bila jaji na bila sababu za maandishi, kikatae, hata kama idhaa inayolengwa leo ni ile usiyoipenda.